Uzi: Njia ya "mfumo mzima" kwenye maswali ya kapi inawaharibu wanafunzi, ifundishwe mwisho

#1 Chaki Nyeupe (Nyegezi)

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninafundisha masomo ya ziada ya fizikia kwa kidato cha tano, na nina dai ambalo naomba mlipime bila kuoneana haya: ile njia ya kuchukua mfumo mzima kwa mkupuo, yaani kugawanya kani inayobaki kwa jumla ya tungamo ili kupata mchapuko (kiasi ambacho kasi hubadilika kila sekunde), inawaharibu wanafunzi wetu, na ingefaa ifundishwe mwisho kabisa, baada ya mwanafunzi kuzoea kuchora kani za kila mwili peke yake.

Chukueni swali la kawaida. Kipande cha mbao cha kilo 3 kiko juu ya meza isiyo na msuguano, kimefungwa kamba nyepesi inayopita juu ya kapi (gurudumu la kupitishia kamba) ukingoni mwa meza, na upande wa pili unaning'inia mzigo wa kilo 2. Kwa g, yaani mchapuko wa kitu kinachoanguka, ya 10, mwanafunzi anaandika 20 gawanya kwa 5, anapata mchapuko wa meta 4 kwa sekunde mraba, na jibu ni sahihi. Kipengele (b) kinamtaka mkazo wa kamba, yaani kani ambayo kamba inavuta nayo. Hapo anaandika nyutoni 20, kwa hoja kwamba mzigo una uzito wa nyutoni 20, kisha anafungua ukurasa mwingine kwa amani kabisa. Haoni kwamba ameshasema kitu cha kilo 3 kinachapuka kwa 4, jambo linalohitaji nyutoni 12 tu. Jibu la kwanza alilipata bila kujua kamba inafanya kazi gani.

#2 Hesabu Kwanza (Igoma)

Mwalimu, unalilaumu panga kwa kosa la mkataji. Njia ya mfumo mzima ni kanuni ya pili ya Newton yenyewe, ile ya mwaka 1687, haikuongezwa kitu. Kamba inamvuta huyu kwa kiasi kile kile inachomvuta yule, kwa hiyo ukiwaweka wote ndani ya mstari mmoja wa kufikirika mikazo hiyo inafutana, na kinachobaki ni uzito wa mzigo unaoning'inia dhidi ya tungamo zote mbili. Aliyeandika nyutoni 20 hakuharibiwa na njia. Hakufundishwa kwamba mkazo ni wa ndani ya mfumo, na ukitaka kuujua sharti uukate mfumo.

#3 Mwana wa Nansio

Shikamooni. Mimi bado ni mwanafunzi, nauliza ili nielewe. Nikiuondoa ule mzigo wa kilo 2 nikaishika kamba kwa mkono, nikaivuta kwa nyutoni 20 bila kupunguza wala kuongeza, mchapuko wa kipande cha kilo 3 si utabaki ule ule? Kani si ile ile 20?

#4 Chaki Nyeupe (Nyegezi)

Marahaba, kijana. Hapana, hautabaki ule ule, na swali lako ndilo kiini cha dai langu. Kwa mkono, mkazo wa kamba ni nyutoni 20 kweli, na kipande kinachapuka kwa 20 gawanya kwa 3, yaani takribani 6.67. Kwa mzigo, mchapuko ni 4. Aliyezoea kugawanya kwa mkupuo hawezi kukueleza tofauti hiyo.

#5 Bi Mkufunzi (Butimba)

Naomba kumwongezea Mwana wa Nansio. Mkono wako, mwanangu, haukuhesabiwa miongoni mwa vitu vinavyochapushwa, lakini mzigo wa kilo 2 ni mvutaji na papo hapo ni mvutwaji. Dunia inaupa nyutoni 20. Katika hizo, nyutoni 8 zinatumika kuuchapusha wenyewe, kwa kuwa 2 mara 4 ni 8, na zinazobaki 12 ndizo zinazopita kwenye kamba kwenda kwa kipande cha mezani. Jumlisha, utapata 20. Mzigo unaoanguka hauwezi kamwe kuipa kamba uzito wake wote, la sivyo wenyewe usingeanguka kwa kuchapuka.

Wanafunzi wangu huelewa wanapoona mgawo huo wa 8 na 12 kabla ya kuona mlinganyo wowote. Kwa hiyo siko na Mwalimu wa #1 wala siko na Kaka Hesabu. Mimi naanza na mgawo wa uzito.

#6 Mzee wa Meli

Sisi tuliofundishwa zamani tulitumia njia ya d'Alembert, Mfaransa wa mwaka 1743, na sikumbuki mtu aliyechanganyikiwa. Kila mwili unauongezea kani ya kufikirika, sawa na tungamo mara mchapuko, ikielekea kinyume cha mchapuko, na baada ya hapo unalishughulikia swali kama la vitu vilivyotulia. Kwa kipande: mkazo sawa na 3a. Kwa mzigo: mkazo na 2a upande mmoja, 20 upande wa pili. Mambo yamekwisha.

#7 Chaki Nyeupe (Nyegezi)

Shikamoo Mzee. Njia hiyo ni nzuri mikononi mwa anayejua kwamba kani hiyo haisukumwi na kitu chochote. Kijana wa kidato cha tano anaichora pamoja na kani za kweli, kisha mwishoni anaandika tena "sawa na ma", na mchapuko unakuwa umehesabiwa mara mbili.

#8 Mzee wa Meli

Marahaba. Basi tatizo ni vijana wa siku hizi, si d'Alembert.

#9 Fundi Winchi

Wakuu, nawasoma kwa furaha, ila mizigo yenu yote inaning'inia kwenye karatasi. Nimefanya kazi ya winchi kwenye maduara (mashimo) ya wachimbaji wadogo upande wa Geita, na sasa niko kwenye ujenzi hapa mjini. Kosa ninaloliona kila mahali ni la boriti. Mtu anafunga kapi juu kwenye boriti, anasimama chini na kuvuta gunia la kilo 50, na anaamini boriti imebeba kilo 50. Kamba inashuka pande mbili, na kila upande unalivuta kapi kwenda chini, kwa hiyo boriti inabeba karibu nyutoni 1,000. Gunia likinyanyuliwa kwa pupa, tuseme kwa mchapuko wa meta 2 kwa sekunde mraba, mkazo unafika nyutoni 600 na boriti inapokea 1,200. Mbao iliyovumilia asubuhi inapasuka mchana kwa sababu aliyeshika zamu ana haraka ya kwenda kula.

Sasa niambieni, ni ipi kati ya njia zenu inayomwonyesha mwanafunzi boriti?

#10 Bi Mkufunzi (Butimba)

Swali zuri sana, Fundi. Njia ya mkupuo haimwonyeshi, hilo nalikubali. Na kuna upande wa pili unaoshangaza zaidi: ning'iniza kilo 3 na kilo 2 kwenye ncha mbili za kamba inayopita juu ya kapi jepesi, kisha uachie. Mchapuko ni 10 gawanya kwa 5, yaani 2. Mkazo ni nyutoni 24. Na ndoano ya kapi inabeba 48, wala si 50 kama ungepima mizigo yote kwenye mzani.

#11 Fundi Winchi

Dada, nyutoni 2 zimekwenda wapi? Mizigo haijapungua.

#12 Hesabu Kwanza (Igoma)

Acha nimjibu mimi, kwa sababu hapa ndipo mfumo mzima unapong'aa. Kilo 3 zinashuka kwa mchapuko wa 2, ambazo ni nyutoni 6 kwenda chini. Kilo 2 zinapanda kwa mchapuko huo huo, ambazo ni nyutoni 4 kwenda juu. Kwa ujumla mfumo una ziada ya nyutoni 2 kwenda chini, na ziada hiyo ni tofauti ya 50 na 48. Mfumo ambao sehemu yake nzito inaanguka hauegemei ndoano kwa uzito wake wote. Kwa hiyo, Dada, njia ya mkupuo inaionyesha boriti, mradi aliyeishika anajua alama za kujumlisha na kutoa.

#13 Chaki Nyeupe (Nyegezi)

Kaka Hesabu, nikupe sasa lile linalowaangusha. Kipande cha kilo 3 kiko juu ya meza isiyo na msuguano. Kamba inatoka kwake, inapita juu ya kapi lililofungwa ukingoni, inashuka na kuzunguka chini ya kapi la pili linalohama, kisha inapanda na kufungwa darini. Kapi linalohama ni jepesi na limebeba mzigo wa kilo 4. Wanafunzi wa mkupuo wanaandika 40 gawanya kwa 7, wanapata 5.71, wanapiga mstari chini ya jibu. Tuoneshe.

#14 Hesabu Kwanza (Igoma)

Mzigo unachapuka kwa 2.5, kipande kwa 5. Nimetumia mkupuo: 40 gawanya kwa 16. Zile 16 ni kilo 4 za mzigo, kujumlisha kilo 3 zikizidishwa kwa 4, kwa kuwa kipande kinakwenda mara mbili ya mzigo na tungamo yake huhesabiwa kwa mraba wa uwiano huo.

#15 Mwana wa Nansio

Uwiano ni 2, hilo naliona, kwa sababu mzigo ukishuka meta 1 kamba inarefuka pande zote mbili za kapi linalohama, kwa hiyo kipande lazima kisogee meta 2. Lakini mraba umetoka wapi? Kwa nini si kilo 3 mara 2?

#16 Bi Mkufunzi (Butimba)

Namba 2 inaingia mara mbili, kila moja kwa njia yake. Ya kwanza ni ya mwendo: mzigo ukichapuka kwa a, kipande kinachapuka kwa 2a, kwa hiyo mkazo ni 3 mara 2a, yaani 6a. Ya pili ni ya kani: kapi linalohama linavutwa juu na kamba pande zote mbili, kwa hiyo mzigo unapambana na mikazo miwili, yaani 12a. Andika 40 toa 12a sawa na 4a, utapata 2.5. Mkazo ni nyutoni 15.

Anayependa nishati ataufikia mraba kwa njia fupi zaidi, kwa kuwa nishati mwendo inakwenda na mraba wa kasi: kipande chenye kasi maradufu kina nishati mara nne ya ile ambayo kingekuwa nayo kwa kasi ya mzigo.

#17 Chaki Nyeupe (Nyegezi)

Na hapo ndipo ninapopataka. Kaka Hesabu aliandika mstari mmoja, lakini ili mstari huo ueleweke Dada amelazimika kuchora miili miwili na kuhesabu kamba ngapi zinalivuta kapi. Mkupuo wake ulikuwa na milinganyo miwili mfukoni.

#18 Hesabu Kwanza (Igoma)

Kila njia fupi ina ndefu mfukoni, Mwalimu. Ungenishinda kama jibu langu lingekuwa 5.71.

#19 Mtoto wa Pasiansi

Salamu kwenu. Nimekwama kwenye lile swali la #1 likiongezewa msuguano. Kwa kizigeu cha msuguano (namba inayozidishwa kwa uzito wa kipande kupata msuguano) cha 0.2 nimepata mchapuko wa 2.8 na mkazo wa 14.4, na majibu ya nyuma ya daftari yanakubali. Kwa kizigeu cha 0.7 nimepata toa 0.2. Je, ina maana kipande kinarudi nyuma na kuuvuta mzigo juu?

#20 Mzee wa Meli

Meza ikianza kuvuta mizigo yenyewe, tutaacha kununua dizeli.

#21 Chaki Nyeupe (Nyegezi)

Msimcheke, kosa hili linawakumba hata wazuri. Kizigeu cha 0.7 kinakupa nyutoni 21, lakini hicho ni kikomo cha msuguano tuli. Si kiasi ambacho msuguano lazima utoe. Msuguano hujibu tu unachoulizwa. Mzigo unavuta kwa 20, msuguano unajibu kwa 20, mchapuko ni sifuri na mkazo ni nyutoni 20. Kabla ya kuandika mlinganyo wowote wa mwendo, linganisha kwanza kani inayovuta na kikomo hicho. Zingatia pia kwamba hapa, ambapo hakuna kinachosogea, wale waliosema mkazo ni sawa na uzito wa mzigo wamepata. Ndiyo maana kosa lao haling'oki kirahisi: kuna siku linakuwa jibu sahihi.

#22 Mwana wa Nansio

Nimejaribu kwa vitendo na sasa nimevurugwa zaidi. Nyumbani kuna kapi la chuma la kisimani, nimelifunga kwenye tawi la mwembe. Upande mmoja nimening'iniza chupa yenye maji lita moja na nusu, upande wa pili chupa yenye lita moja na robo. Nimeachia ile nzito ishuke meta 2 nikipima kwa simu. Kwa hesabu, tofauti ni kilo 0.25, jumla ni 2.75, na mchapuko unatoka takribani 0.9, kwa hiyo nilitarajia sekunde 2.1. Nimerudia hadi watoto wa jirani wakajaa, na saa inasoma karibu sekunde 2.5, ambayo ni mchapuko wa 0.64 tu. Theluthi nzima imepotea karibu yote. Nani kaila?

#23 Mtoto wa Pasiansi

Labda ni g. Ziwa letu la Victoria liko juu sana kutoka usawa wa bahari, na tuko karibu na ikweta. Huenda hapa g si 10.

#24 Hesabu Kwanza (Igoma)

Ni kweli si 10. Uso wa ziwa uko takribani meta 1,130 juu ya usawa wa bahari, na kwa latitudo yetu g ni karibu 9.78. Lakini hiyo ni pungufu ya asilimia mbili hivi, na kijana wetu anatafuta zaidi ya robo. Ziwa halihusiki. Mshukiwa ni kapi: hesabu yake imelichukua kuwa jepesi, na chuma cha kisimani si jepesi. Kapi lenye umbo la sahani nzito pande zote sawa linaongeza nusu ya tungamo yake kwenye kigawanyo, liwe dogo au kubwa, kwa kuwa nusukipenyo kinajifuta. Na hapo mikazo ya pande mbili haiwi sawa tena. Tofauti yake ndiyo inayolizungusha kapi.

#25 Mwana wa Nansio

Nimelipima kwenye mzani wa muuza dagaa, ni kilo moja na kidogo.

#26 Bi Mkufunzi (Butimba)

Basi kapi peke yake halitoshi, Kaka Hesabu. Ili lieleze 0.64 lingepaswa kuongeza zaidi ya kilo 1 kwenye kigawanyo, yaani liwe sahani ya kilo 2 na zaidi. La kilo moja linaongeza nusu kilo, na mchapuko unashuka hadi 0.75 hivi. Kuna mlaji wa pili.

#27 Fundi Winchi

Mlaji wa pili namjua: ekseli kavu. Makapi ya visimani hayajawahi kuonja grisi tangu dukani.

#28 Mzee wa Meli

Au kamba. Katani ikilowa inakuwa nzito na ngumu kukunjika, na kila kipande chake kinachopita juu ya kapi lazima kikunjwe kisha kinyooshwe. Halafu kamba ndefu ina uzito unaohama kutoka upande mmoja kwenda mwingine, kwa hiyo mchapuko wenyewe hautulii. Msidhani mambo haya ni mapya: George Atwood wa Cambridge, aliyeieleza mashine ya namna hii mwaka 1784, aliilaza ekseli ya gurudumu lake juu ya kingo za magurudumu mengine manne ili kupunguza msuguano. Kama tatizo lingekuwa dogo asingejisumbua.

#29 Mtoto wa Pasiansi

Na kidole je? Kubonyeza simu kunachelewa.

#30 Chaki Nyeupe (Nyegezi)

Kidole kinachelewa mwanzo na mwisho, kwa hiyo sehemu kubwa inafutana, ingawa mwisho mtu huiona chupa ikija na huwahi kubonyeza.

Mwana wa Nansio, watenganishe washukiwa hivi. Weka maji sawa pande zote mbili, kisha ongeza mchanga kidogo kidogo upande mmoja, na kila ukiongeza uisukume chupa hiyo taratibu kwenda chini. Itakaposhuka kwa kasi isiyobadilika, hakuna mchapuko, kwa hiyo tungamo ya kapi haina la kusema, na uzito wa mchanga huo ndio msuguano. Kama wizi wote ni wa msuguano utahitaji karibu gramu 70. Ukihitaji pungufu ya hizo, kapi lina mgawo wake.

#31 Mwana wa Nansio

Shukrani, Mwalimu. Nimefanya. Kamba ikiwa kavu ni kama gramu 30. Ikiwa imetoka kisimani imelowa inafika 60.

#32 Fundi Winchi

Ekseli hiyo. Maji yameosha hata kutu iliyokuwa inatelezesha.

#33 Mzee wa Meli

Kamba hiyo. Kapi ni lile lile. Kilicholowa ni nini?

#34 Hesabu Kwanza (Igoma)

Na zile sekunde 2.5 ulizipima kamba ikiwa kavu au imelowa? Bila hilo hatujui tunahesabu nini. Ushauri wangu ni kuliacha kapi la kisimani na kutumia rimu ya baiskeli yenye beringi nzuri.

#35 Bi Mkufunzi (Butimba)

Rimu ina tungamo yake karibu yote ukingoni, Kaka, kwa hiyo haihesabiwi nusu, inahesabiwa nzima. Rimu ya karibu kilo moja, hata isiwe na msuguano wowote, itamrudisha kijana kwenye sekunde zake 2.5 au karibu na hapo, safari hii kwa sababu nyingine kabisa, na Mzee atasema ni kamba.

#36 Mzee wa Meli

Nitasema.

#37 Fundi Winchi

Nina beringi mbili za pikipiki na kipande cha mbao ya mvule cha kuchonga kapi jepesi. Mwana wa Nansio, niandikie kipenyo unachotaka na unene wa kamba, nitalituma kwa meli ya Ukerewe. Kamba utumie ya nailoni, kwa gharama ya Mzee.